Gatera Yohana, Mara Mbili

Chuo kikuu nilijifunza kutoamini orodha yoyote kabla ya kuikagua. Kwa hiyo ofisi yetu hapa Gisenyi iliponipa kazi ya kuchapa upya majina ya waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yasomwe siku ya kumbukumbu, mimi nilianza kwa kutafuta makosa. Nikapata moja: Gatera Yohana ameandikwa mara mbili, mistari ikifuatana. Nikafuta mmoja. Sikuuliza mtu, kwa sababu mtafiti hodari kama mimi hana haja ya kuuliza.

Siku yenyewe nilisoma mwenyewe, mbele ya ukuta wa ukumbusho na watu wote wa mtaa. Nilipofika kwa Gatera, mama mmoja aliyetoka Nyakiriba akasimama.

“Rudilia hapo, kijana.”

Nikarudia.

“Na ule mwingine?”

“Mama, jina lilijirudia. Nimelisahihisha,” nilimjibu, kwa kipaza sauti.

“Bon. Huyo umesoma ni baba yangu,” alisema. “Mutoto wangu nilimupatia jina yake. Sasa mutoto umemupeleka wapi?”