Picha Mia Mbili na Kumi na Nne za Mdogo Wangu

Mdogo wangu wanamwita Kimya. Mama alimpa jina jingine, zuri tu, lakini hakuna anayelikumbuka, na yeye mwenyewe hajawahi kufungua mdomo kumsahihisha mtu. Ukimuuliza habari za asubuhi atakujibu "salama," ukimuuliza za jioni atakujibu "salama," na kati ya hizo salama mbili usitegemee kitu. Ndiye fundi wa kompyuta katika ofisi ya kuandikisha ndoa na talaka. Mimi ni dada yake, nakaa dirisha namba tatu la ofisi hiyo hiyo, na maneno aliyonyimwa yeye nilipewa mimi yote.

Kazi yake ni kuitunza mashine ya daftari. Nikisema mashine usifikirie kitu unachoweza kukipiga teke. Hii ni mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine pamoja na wenzake watatu. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilidhani wananifanya mtoto. Kila jioni kabla ya kufunga ofisi, Kimya huipiga picha. Si picha ya kutundika ukutani. Ni hali nzima ya mashine ilivyo saa ile, ili siku ikiharibika aweze kuirudisha pale. Tangu mashine ije mwaka jana alikuwa hajaruka siku ya kazi hata moja, mpaka Jumanne ninayotaka kuisimulia.

Jumanne hiyo aliachana na mke wake, na waliandikisha dirishani kwangu, kwa sababu mimi sina bahati. Wifi yangu anapima macho kwenye duka la miwani, mwanamke wa kuongea vizuri na watu, nampenda na sitaki kulificha. Nikamuuliza sababu ya talaka. Mashine haikubali talaka bila sababu, na sababu yenyewe haikubali izidi herufi kumi na mbili, sijui nani alikaa akaamua hivyo.

"Andika hasemi," akasema wifi.

Nikamtazama mdogo wangu nikimpa nafasi ya kukanusha. Hakusema. Nikaandika. Cheti kingetoka Alhamisi.

Jumatano asubuhi Kimya akaiwekea mashine maboresho, na mashine ikafa. Akairudisha kwenye picha ya mwisho aliyokuwa nayo, na picha ya mwisho ilikuwa ya Jumatatu. Jumanne jioni hakupiga. Alikuwa ametoka ofisini saa nane mchana akiwa ameshika mwavuli wa mtu mwingine, na mvua yenyewe hakuna. Basi kwa mujibu wa daftari, kila aliyeoana au kuachana siku ile alirudi alivyokuwa. Mdogo wangu alikuwa ameoa tena. Ofisi nzima ikasema kafanya makusudi, na yeye, kama kawaida yake, akawaacha waseme.

Mkuu wetu ni mtu wa kufuata utaratibu mpaka unatamani kulia. Akabandika tangazo mlangoni: "Waliooana au kuachana kuanzia Jumanne wanaombwa kurudi katika hali zao za Jumatatu mpaka watakapotangaziwa." Unacheka, lakini watu walitii. Bibi harusi mmoja alirudi kwao na sanduku, mume akimsindikiza na kumbebea. Mzee mmoja aliyeachana na mkewe baada ya miaka thelathini alisoma tangazo mara mbili, akamuuliza yule mama, "Sasa mchana tunakula nini?" Wakaondoka pamoja wakibishana.

Ungedhani ni suala la kuandika upya tu. Kitabu cha karatasi tuliacha kukijaza mashine ilipokuja, na mashine yenyewe iliporudishwa haikuwa mashine tena. Unatafuta jina asubuhi, unakwenda kunywa chai, unarudi, bado inazungusha kale kaduara kake. Ukibonyeza mara ya pili inanuna kabisa. Ilikuwa nzito miezi mingi nasi tukazoea, lakini sasa ilikuwa inaanza kutafuta kila kitu upya, kana kwamba haijawahi kutuona.

Alhamisi nzima Kimya alihangaika nayo. Aliizima na kuiwasha. Aliiongezea kumbukumbu, akazima zile mashine tatu nyingine ili ipate nafasi ya kupumua. Akakuta saa yake bado iko Jumatatu, akairekebisha. Mkuu akaamuru afute na vumbi, akafuta. Hakuna kilichobadilika.

Ijumaa, kabla hatujafungua vizuri, wifi akaingia na mwanamume mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi kwa nguvu. Ni fundi wa mizani, anazunguka masokoni kurekebisha mizani za wauza nyama.

"Wifi," akaniambia, "naolewa kesho na huyu, mjini kwao. Mwandikishaji wa huko anataka cheti cha talaka leo kabla ya saa kumi, la sivyo hakuna ndoa, na ukumbi watu wameshaupamba."

Sikujua hata kama bado ana haki ya kuniita wifi. Mkuu akatoka ofisini kwake na kitabu cha wageni.

"Kwa mujibu wa mfumo huyu mama ni mke wa fundi wetu," akasema. "Wewe bwana nikuandike kama nani?"

"Niandike msindikizaji," akajibu yule bwana kwa adabu, akakaa kwenye benchi.

Nikaenda kwenye chumba cha Kimya, nikamwambia, "Sikiliza, mdogo wangu. Kama umeirudisha makusudi niambie mimi, nitajua nitakavyokutetea."

"Sikufanya makusudi," akasema. "Ugonjwa nimeuona jana jioni."

Akanionyesha kwenye skrini. Picha zote alizopiga tangu mwaka jana zilikuwapo, mia mbili na kumi na nne, hajafuta hata moja. Kumbe kila picha hubeba yale tu yaliyobadilika siku ile, kwa hiyo mashine ikitafuta jina moja lazima ipekue zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta soksi chini ya rundo la nguo za mwaka mzima. Dawa ni kuziunganisha zote ziwe kitu kimoja. Inachukua saa sita, na ukishabonyeza picha zinafutika, huwezi kurudi nyuma tena.

"Saa sita," nikasema. "Sasa hivi ni saa tatu. Na wewe umekaa na dawa tangu jana jioni unaitazama?"

Ndipo nikaona kwamba kila picha ina maelezo yake pembeni. Sehemu ile mafundi huandika "kabla ya maboresho" na mambo kama hayo. Nikasoma mawili matatu, nikageukia mlango.

"Wifi, njoo," nikaita. Najua sikupaswa.

Akaja, na fundi wa mizani nyuma yake. Akavaa miwani yake, akasoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuwasomesha wateja. "Leo amecheka peke yake jikoni, sikuuliza kwa nini, nilitaka aendelee. Amekata nywele, amependeza, nitamwambia kesho. Amenuna kwa sababu sikusema kuhusu nywele, ana haki. Leo amerudi amechoka, nilitaka kumkanda miguu." Akaendelea kushuka chini, sauti ikizidi kupungua. Fundi wa mizani aliangalia dari muda wote, muungwana yule. Mwisho akafika ya Jumatatu. "Kesho tunakwenda kuandikisha. Asubuhi nitamwambia asiende."

Akavua miwani.

"Jumanne asubuhi ulinigeukia mezani," akamwambia. "Nikaacha kutafuna, nikakusubiri. Ukaniuliza chumvi iko wapi."

"Nilikuwa nakaribia," akasema Kimya.

"Siku mia mbili na kumi na nne unaiambia mashine. Mashine ingekufanyia nini?"

Mdogo wangu machozi yalikuwa yanamlenga, na mimi yangu yalishashuka. Fundi wa mizani akakohoa kidogo. "Bwana," akamwambia Kimya, "kama mnahitaji kuongea mimi natoka nje. Hata nikikaa huko mpaka jioni."

Wifi alibaki na miwani mkononi. Alimtazama mdogo wangu, akamsubiri. Naapa alimsubiri, mtu ungeweza kuhesabu mpaka hamsini. Kimya akafungua mdomo. Akaufunga. Akakisogeza kipanya, akabonyeza.

Wakaliingiza benchi mle chumbani, wakakaa wote watatu kuanzia saa tatu, wakitazama asilimia zikipanda. Ilipofika arobaini na moja haikusogea kwa muda mrefu, fundi wa mizani akasema mizani ikisimama hivyo kuna kitu kimebana. Kimya akamweleza kwamba haijabana, imebeba mengi tu, na akaendelea kumweleza jinsi inavyofanya kazi, sentensi nne nzima. Mimi na wifi tulitazamana.

Saa tisa na nusu ikamaliza. Wifi akaja dirishani kwangu, nikafungua jalada lao upya. Jina la mke, jina la mume, tarehe. Kila nikibonyeza mashine ilikuwa imeshanitangulia.

"Sababu," nikauliza. "Niandike ile ile?"

"Hapana, ile haikuwa kweli. Andika kwamba alikuwa nayo yote, ila..."

"Wifi yangu, herufi kumi na mbili."

Akafikiri, ameshika ukingo wa dirisha. "Andika alichelewa."

Nikaandika, nikabonyeza. Kwa mazoea ya siku tatu nikanyanyua kikombe changu cha chai nisubiri. Sijakifikisha mdomoni, cheti kikawa kimeshatoka.