Msiba wa Muuza Chai

Nilikipendekeza kitabu kile kama mtu anayeomba maji mlango hadi mlango. Asubuhi niliandika kwenye kundi letu la simu: jamani, someni riwaya hii, tafadhali. Jioni nikaandika tena. Alama za kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa ziligeuka bluu, na hakuna aliyejibu. Kesho yake mwenzetu mmoja, karani aliyehamishiwa mkoa mwingine, akajitoa kundini bila kuaga.

Lilikuwa kundi la wasomaji wa Newala na Masasi. Mwanzoni tulijaza darasa zima la shule ya msingi, tukabishana hadi mlinzi anakuja kututoa. Kisha watumishi wakahamishwa, msimu wa korosho ukaingia, watu wakahamia mashambani. Tukabaki wanne: mimi, mwalimu mmoja mwanamke wa Masasi, mkulima wa Mkunya, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini Newala, ambaye kwao ni Makete. Huyo mwenye duka ndiye aliyeandika: "Jumamosi tukutane tuagane, tusijidanganye." Mwalimu akajibu kwa alama ya dole gumba.

Niliitazama alama ile kama mtu aliyepigiwa simu kuambiwa ndugu yake amezidiwa. Mimi ni mwandishi wa riwaya, bado kijana, na riwaya yangu ya kwanza ilisomwa na watu hao, basi. Huku Newala hakukuwa na mwingine wa kuniambia kwamba sura ya tatu inachosha, au kwamba alifika mwisho akakosa usingizi. Kundi likifa, nilijua nitaacha kuandika. Sikumwambia mtu. Nilichoweza ni kukisukuma kitabu kile, kwa sababu niliamini kwamba mtu akikisoma hawezi kukaa nacho peke yake.

Ni riwaya ya mji mdogo wa reli. Kila hadithi ina mtu wake na mwisho wake, unaweza kuisoma ukaridhika, ukalala. Lakini yule anayepita dirishani katika hadithi hii, ukifungua ile unamkuta nyumbani kwake, amekaa kwenye kigoda na majonzi yake, na aliyekuwa na hadithi sasa ndiye anayepita dirishani. Unafunga kitabu ukiwa unawaogopa watu uliowapita barabarani siku hiyo bila kuwasalimia.

Nakala nilikuwa nayo moja. Kuizungusha kwa zamu kusingewezekana kabla ya Jumamosi. Basi nilichukua kisu, nikakipasua kitabu mgongo, nikakitenga hadithi na hadithi, kila moja nikaishona kwa sindano ya magunia na uzi wa katani. Moja ilikwenda Masasi kwa gari la abiria, moja Mkunya kwa bodaboda, moja niliipeleka dukani mwenyewe. Kwa haraka ile nilisahau kuwaambia kwamba hadithi hizo zinashikana. Kila mmoja alidhani amepewa kitu kizima.

Jumamosi mchana mkulima alikuwa wa mwisho kufika darasani, shati lake likinuka mabibo ya korosho.

"Shikamoo, baba," nilimsalimia.

"Marahaba, mwanangu. Leo tunazika kundi?"

"Tunaagana tu, mzee," alisema mwenye duka.

"Mangi ana haraka, ameacha misumari yake peke yake."

"Mara ngapi nikuambie? Mimi Mkinga. Mangi ni Mchaga, yuko Moshi."

"Bei zenu ni zilezile."

Nikawaomba kwamba kabla ya kuagana kila mtu asimulie alichosoma. Mwenye duka alitazama saa. Mwalimu akasema ataanza yeye.

Yake ilikuwa ya msichana anayeuza chai stesheni, mwenye kovu la kuungua kwenye kiganja cha kushoto. Wauza chai wanafukuzwa, naye anapanda treni na birika lake mapajani, bila kujua anakwenda wapi. Hadithi inaishia hapo, treni ikiondoka.

"Nimefurahi," mwalimu alisema. "Wiki nzima nawaza amefungua mgahawa wapi. Nilikuwa nampangia hata rangi ya viti."

Mkulima alikuwa ameinama. "Mtani, umesema kiganja cha kushoto?"

"Ndiyo."

"Basi pole."

"Pole ya nini?"

"Yangu ni ya mzee anayeosha maiti hospitali. Analetewa msichana aliyeshushwa kwenye treni, hana ndugu, hana jina. Kiganja cha kushoto kina kovu la moto."

"Mwongo wewe."

"Haki ya Mungu. Nimeisoma mara mbili, nilidhani atazinduka."

Mwalimu alijifunika uso kwa kanga. Hakulia kwa sauti, mabega tu. Nilikuwa nimeleta kitabu cha kuliokoa kundi, na kitabu kilikuwa kinalimalizia. Mwenye duka alisimama.

"Ndiyo maana watu wanasoma magazeti ya mpira," alisema, akaelekea mlangoni.

Hapo ndipo mkulima alipokwenda kulala chali mlangoni, mikono kifuani, macho yamefumbwa. Kwetu Mmakua kama mwalimu na Mmakonde kama mkulima ni watani, na msibani mtani anaweza kuingia kaburini akalala, akagoma kutoka hadi wafiwa wamlipe.

"Hatoki mtu!" alipaza sauti. "Marehemu ni Mmakua, nimemjua kwa ukaidi. Mtu anapanda treni bila kuuliza inakwenda wapi! Nipeni jogoo, la sivyo nalala hapa mpaka mvua zinikute."

"Toka hapo, mla panya," mwalimu alisema ndani ya kanga, na sauti ikakatikia kwenye kicheko.

"Nyie mnamla na mkia wake! Jogoo!"

Mwenye duka alisimama kando yake, hajui aruke au asiruke. "Mimi yangu sijaimaliza hata," alisema. "Nimeishia pale mkuu wa stesheni anapowafukuza wauza chai."

Mkulima alifungua jicho moja. "Ahaa! Kumbe muuaji tunaye!"

"Mimi? Mimi nimesoma tu!"

"Jogoo wawili!"

Mwalimu alitoa andazi kwenye mkoba, akamrushia kifuani. Mkulima alilikagua, akalalamika kwamba jogoo huyu hana mbawa, akala, akainuka. Mwenye duka akarudi kwenye dawati, akafungua kipande chake pale alipoishia, amekunja uso kama anayesoma mashtaka yake mwenyewe.

"Zilizobaki ziko wapi?" aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Nyumbani."

"Jumamosi ijayo uje nazo. Huyu mkuu wa stesheni kama ana mke, nataka kusikia mke wake anasema nini."

Nilikubali kwa kichwa, nikageukia ubao.

Nyuma yangu mwalimu alikuwa amemnyooshea mkulima mkono. "Nipe hicho kipande. Nataka kujua kama alioshwa vizuri."

"Nipe kwanza cha kwako. Mimi sijawahi kumwona akiwa hai."

Wakabadilishana. Mwalimu alisoma palepale, midomo ikicheza, na sisi tukangoja kama wafiwa, hadi aliposema:

"Mzee amemfunga kitambaa kichwani. Safi."