Mwaka Niliokatazwa Kucheka

Cherehani ya mama niliisikia kabla sijaona kitu. Ilianza taratibu, miguu yake ikitafuta mwendo, kisha ikashika kasi, na mimi chini ya blanketi nikajua mambo mawili bila kufungua macho: kumekucha, na mama yupo. Tuliishi Musinzira, mjini Gitega, katika nyumba ya bibi mzaa mama. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kazini kwa mama: meza moja, cherehani moja, na sare za watoto wa mtaa mzima zikining'inia kwenye kamba. Nimeishi nyumba nyingi tangu hapo, na sijapata kuamshwa vizuri namna ile.

Baba alikuwa mbali, Butihinda, mkoani Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania. Ukoo wake ulikuwa umerudi kutoka ukimbizini Tanzania, na mimi nilizaliwa huko huko kambini. Waliporudi, mama alikaa na wakwe zake mwaka mmoja. Jembe lilimshinda, na yeye na baba wakashindwana kwa mambo ambayo mpaka leo kila mmoja ananisimulia kivyake. Akanibeba mgongoni, akarudi kwao. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyedai kitu. Mtoto mdogo ni wa mama, walisema wote.

Lakini katika familia zetu za Kiislamu kulikuwa na hesabu moja iliyojulikana hata na wasiojua kusoma: miaka saba. Mtoto akitimiza saba, anarudi kwa baba yake. Nani alisema? Shangazi fulani, aliyesikia kwa sheikh fulani. Ilirudiwa mpaka mama akaamini kwamba ndivyo hata sheria ya serikali inavyosema, na kwamba siku ikifika atakuja mtu anishike mkono na hakuna wa kumzuia.

Shida ni kwamba umri wangu haukujulikana. Karatasi yangu ya kuzaliwa ililowa mvua siku ya kuvuka mpaka, ikabaki na muhuri bila tarehe. Baba alisema nimefika saba. Mama alisema sita. Ndipo bibi mzaa baba akatuma salamu kwa wafanyabiashara waliokuja Gitega: "Mwambieni yule mkwe wangu, mimi sihitaji karatasi. Meno ya mtoto yakianza kutoka, nakuja."

Jino langu la mbele lililegea msimu wa maharagwe. Mama aliliona nikila andazi. Akaweka mkasi chini.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

Wiki nzima nilikunywa uji. Jino likatoka asubuhi moja, likazama kwenye kikombe cha chai. Watoto wenzangu walikuwa wakirusha meno yao juu ya bati na kuimba, lakini mama hakutaka wimbo. Alilifuta kwa kidole, akalifunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Usicheke mbele ya watu," aliniambia.

"Hata mbele ya bibi?"

"Hata yeye. Bibi yako ana mdomo."

"Mi nasikia!" bibi akapiga kelele kutoka uani.

Basi nikajifunza kucheka kwa pua. Shuleni nilijifunika mdomo kwa kiganja mpaka wakaniita bibi harusi. Nilidhani ni mchezo. Nilikuwa hodari katika mchezo ule, na jioni mama alinipa kipande cha sukari guru, tuzo ya kununa.

Wakaja bila taarifa, baba na mama yake, wamebeba karanga na kuku aliyefungwa miguu. Bibi mzaa baba alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya sokoni, na Kiswahili chake cha Tanzania kilijaza chumba.

"Mke mwenzangu!" akaniita, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wa kike. "Mbona umenuna? Mume wetu anakuulizia kila siku. Ameniambia, mrembo wangu akija, wewe kizee utahamia jikoni."

Nikakaza midomo.

"Huyu mtoto iko na haya," bibi mzaa mama akaingilia. "Mwache, ametoka ku shule, amechoka."

"Haya kaitoa wapi? Kwetu hakuna mtu wa haya. Au huku Gitega mmemshona mdomo na hiyo cherehani?"

Mama akaacha kushona.

Baba alikuwa mtu wa polepole, aliyetazama mikono yake kabla ya kuzungumza. Akanivuta karibu, akaanza kunisimulia jinsi alivyombeba mbuzi kwa baiskeli kutoka Giteranyi. Kwenye mteremko breki zikakatika, na mbuzi akalia kwa nguvu hata watu wote njiani wakaruka pembeni. "Nikafika nyumbani mzima," akasema, "nikaing'oa kengele ya baiskeli nikaitupa. Ya nini, na mbuzi yupo?"

Nilicheka. Nilicheka mdomo wazi, kwa miezi yote ile niliyonyimwa.

"Pengo!" Bibi mzaa baba akasimama. "Lile pale! Saba imetimia!"

Nilimtazama mama. Hakunigombeza. Alikuwa ameshika kitambaa cha sare ya mtoto wa watu na kukikunja, kukikunja, mpaka kikawa kidogo kama leso.

Baba akapeleka kesi mahakamani Gitega. Siku ya kusikilizwa mama alinivalisha gauni la Idi, na yeye mwenyewe akavaa viatu vilivyombana. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo. Alianza kwa Kirundi, kisha akageukia Kiswahili kwa ajili ya bibi mzaa baba, ambaye hakungoja kuitwa.

"Mheshimiwa, mwambie afungue mdomo, ujionee mwenyewe."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka.

"Mama, ukitaka kuonyesha meno, hospitali iko kule chini. Mimi natafuta mahali mtoto huyu atakapotunzwa vizuri. Saba yenu siipingi, lakini haiwezi kunijibia swali hilo."

Akamuuliza baba nasoma darasa la ngapi. Baba alijua. Akamuuliza nani hukaa na mimi nikiwa na homa. Baba akatazama mikono yake. Kisha akamgeukia mama: "Na wewe, baba yake akibisha hodi, unamfungulia?" Mama naye akatazama chini.

Mwisho akaniita peke yangu kwenye chumba kidogo chenye mafaili mpaka darini. Nilitegemea aniulize nampenda nani zaidi. Nilikuwa nimeandaa jibu.

"Wameniambia hucheki," alisema. "Kwa nini?"

"Nikicheka nitapelekwa kwa baba."

Akaliandika jibu langu, na tuliporudi ukumbini akawasomea wazazi wangu.

Aliamua nibaki kwa mama, na likizo niende kwa baba. Akawaambia wote wawili, wamesimama, kwamba baba asiyelala na mtoto nyumba moja bado ni baba: ana haki ya kumwona, ya kuulizwa kuhusu shule yake, ya kujua akiugua. Na mtoto ana haki ya kuwa nao wote. "Malezi ni kazi," alimwambia mama. "Nimekupa kazi. Sikukupa ushindi."

Siku hizi nikipita karibu na mahakama huwaona wazazi wakiwa na watoto waliovalishwa nguo za sikukuu, na hujiuliza watoto wale wamekatazwa nini.

Likizo ilipokaribia, mama alikonda. Aliogopa Butihinda. Pale, alisema, ni njia ya miguu tu mpaka Tanzania. Wakiamua kunificha, nani atanifuata? Lakini alikuwa ameweka sahihi yake chini ya uamuzi wa hakimu, kwa herufi kubwa zilizopinda, na baba alipokuja, mama akanifungia nguo zangu kwenye kitenge, akanitoa mpaka barabarani.

Niliipenda Butihinda, na niliogopa kuipenda. Nakumbuka gunia lililokunjwa nyuma ya baiskeli ya baba, ndilo kiti changu. Nakumbuka vijia vyekundu, mtama uliotuzidi kimo, na babu akinisalimia kila asubuhi, "Mchumba, umeamkaje?" huku bibi akijifanya kuona wivu. Bibi aliniosha kichwa mwenyewe na kunipaka mafuta mpaka masikioni.

Mchana mmoja, nikimenya karanga nyuma ya ukuta, nilimsikia bibi akimwambia baba.

"Mwache hapa. Nani atakuja mpaka huku kumchukua?"

Baba alikuwa akijaza upepo kwenye gurudumu. Hakuacha.

"Nimeweka sahihi, mama."

"Karatasi ni karatasi. Huyu ni damu yako."

Pampu ikaendelea kidogo, kisha ikanyamaza.

"Kwao alikatazwa kucheka, mama. Nikimficha huku, atakatazwa kulia. Atakuwa mtoto wa wapi?"

Jioni bibi alinifungia karanga nyingi kuliko nilizoweza kubeba.

Tulifika Musinzira siku ile ile iliyoandikwa, mchana. Mama alikuwa mlangoni, na kwa jinsi bibi mzaa mama alivyotikisa kichwa nilijua alikuwa hapo tangu asubuhi. Alinishika kichwa, mabega, mikono, kama anayenipima sare. Kisha akamtazama baba aliyesimama nje ya kizingiti na furushi la karanga.

"Karibu ndani."

Hakuwahi kumwambia hivyo, si mbele yangu.

"Gari la Muyinga halinisubiri."

"Maji basi."

Alikunywa amesimama, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Akainama, akanirekebishia kola ambayo haikuwa na kasoro.

"Likizo ijayo?" aliuliza, bado ananitazama mimi.

Mama akajibu, "Likizo ijayo. Nitamwandaa."

Baba akaitikia kwa kichwa, akashuka njia. Mama alisimama akimsindikiza kwa macho mpaka alipopinda kwenye kona, ndipo akausukuma mlango, taratibu, mpaka ukajifunga.