Jeneza la Bawabu Sumri

Eti mtu wa kitabuni haliliwi? Bawabu Sumri katokea kurasa nne tu ndani ya vitabu saba vya vita vya majoka, lakini mfalme alipokimbia, yeye kafa kashikilia lango peke yake. Nilipofika hapo nkaandika kwenye grupu la mtaa: "Mzee Sumri katutoka. Mwombeeni." Alasiri wanaume wa Jang'ombe washaleta jeneza la msikitini, na jirani yetu Bi Zuhura kashatandika mikeka ya msiba.

"Pole mwanangu. Maiti yuko wapi?"

Nkamfungulia kitabu.

"Kumbe huyu ndo tulomletea jeneza?"

"Ndo yeye, Bi Zuhura. Na kastahiki."

Mpaka leo mtaa unanicheka. Kuona haya nimeona, lakini Sumri simkani. Wewe, mfalme wako akikimbia, nani atakushikia lango?