Kumwandika Baba Bila Kumtaja

Kitabu hiki nilikianza mara mbili. Mara ya kwanza nilikianza kwa jina la baba yangu, na mama akaacha kuzungumza nami kwa siku nne.

Wakati huo wa Wajerumani nilikuwa karani katika boma la Arusha. Kazi yangu ilikuwa kuandika mashauri: nani amemshtaki nani, ng'ombe wa nani ameingia shamba la nani. Nilikuwa nawaona watu wa Sokon, kwetu kule mlimani, watu wangu, wakiingia katika daftari wakiwa wagomvi tu. Mtu ameishi mwaka mzima vizuri, nami naandika siku moja aliyokosana na jirani. Nikaamua kuandika yale mengine yote, nianze na nyumba yetu.

Karani mwenzangu, mzee wa Pangani, alicheka nilipomwambia.

"Maisha yako wewe? Ndizi, maziwa, ndizi. Umemaliza."

"Ndizi zina mambo yake, mzee."

"Haya, andika. Lakini anza kiungwana. Jina lako, la baba, la babu, mpaka pumzi ikuishie. Bila nasaba, msomaji atajuaje kama hukuokotwa njiani?"

Nikafuata ushauri wake. Jumapili nikapanda kwa mama na kurasa mbili mkononi. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Sura yake siikumbuki, wala sauti. Yote niliyotaka kujua juu yake yalikuwa kwa mama peke yake, na kila masika kifua chake kilizidi kumbana. Niliona sina muda wa kupoteza. Nilitaka asikie mwanzo wangu, kisha anisimulie.

Nilimkuta akichanganya loshoro, mahindi yaliyochemshwa na maziwa ya mgando. Nikasoma, nikigeuza Kiswahili changu kwa Kimaa mstari kwa mstari. Nilipolitamka jina la baba, mkono wake ukasimama ndani ya chungu.

"Nani amekutuma umwite?"

"Yeyo, mama yangu, sikumwita. Ni maandishi tu."

"Mimi nimesikia kwa masikio. Hayo maandishi siyajui."

Akafuta mkono, akatoka nje.

Desturi niliijua. Kwetu jina la marehemu halitajwi nyumbani kwake. Niliijua kabla ya kujua kusoma. Lakini miaka mitatu ya daftari, jina, jina la baba, mahali anapokaa, ilikuwa imeuzoesha mkono wangu kuandika kabla sijafikiri.

Siku nne nilipanda kila jioni baada ya kazi. Mama alijibu salamu, akanipa chakula, akanipa mgongo. Pale bomani mzee wa Pangani alinihurumia kwa namna yake. "Andika habari za Wajerumani basi. Hao hawana mwiko."

Nikamwambia hao wana makarani wao. Mimi nitamwandika baba yangu.

Siku ya tano nilitoka mapema, nikamkuta mama akizoa majani yaliyoziba mfereji unaoleta maji migombani. Nikachukua jembe, nikaingia majini karibu naye.

"Zile kurasa nimezitia motoni, yeyo."

Tukazoa tope kwa muda. Kisha nikamuuliza, bila kulitaja jina.

"Aliyechimba mfereji huu alianzia juu au chini?"

Akatupa majani ukingoni.

"Chini," akasema. "Majirani wakamcheka mpaka wakakaa chini. Maji yako juu kule, yeye anaanzia migombani!"

"Kwa nini?"

"Alisema akichokea njiani, angalau shimo litakuwa karibu na nyumba." Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Mvivu yule! Lakini alifika."

Nikatoka majini, nikapangusa mikono kwenye nyasi, nikaketi juu ya jiwe na karatasi zangu.

"Unaandika?"

"Naandika. Jina halimo."

"Nisomee."

Nikamsomea: palikuwa na mtu aliyechimba mfereji kutoka chini kwenda juu, amesimama na jembe lake, majirani wakimcheka. Mama alisikiliza huku amenitazama mdomo, kama mtu anayengoja nijikwae.

"Hapo umekosea," akasema.

"Wapi?"

"Hakusimama. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, hakuweza kuinama. Alichimba amepiga goti."

"Goti lipi?"

"Ngoja."

Akafunga nguo yake vizuri kiunoni, akashika jembe nililoliacha, akapiga goti kwenye tope, mama yangu na kifua chake kile. Mguu mmoja akaunyoosha pembeni.

"Hivi. Na mkono huu mbele. Umeona?"

Nikasema nimeona. Nikaukata ule mstari na kuanza kuuandika upya, naye akabaki vilevile majini, jembe juu, akingoja nimalize.