Ndoo ya Perepetua

Marehemu Mwenyekiti Muhidini alipenda kuketi kwenye baraza ya saruji mbele ya ofisi ya kijiji, tumbo mbele, akitufundisha usafi. Saruji ile, mjue, ililetwa kujengea ukingo wa kisima chetu. Kisima kikabaki mdomo wazi, sawasawa na ardhi, yeye akapata pa kuegemeza mgongo. Basi huyo ndiye aliyesema ndoo ya Perepetua ni chafu.

Perepetua alikuwa jirani yangu hapa kisiwani, kijiji cha Kanga. Mtu wa bara, wa upande wa Masasi, Mkristo peke yake kijiji kizima. Mumewe Anselmu alimleta kabla ya Uhuru, alipokuja kukwea minazi ya shamba kubwa. Anselmu akaanguka mnazini akafa, tukamsaidia kumzika. Nduguze wakamwita arudi kwao, akakataa.

"Mungu aliyetuleta hapa bado yupo hapa," akasema, "na mume wangu yupo hapa."

Nikamwambia, shoga, Mungu hata Masasi yupo. Akacheka, akaendelea kupepeta mchele wake.

Ikaja operesheni ya vijiji. Tukahamishwa, tukapangwa kando ya barabara, na Muhidini ndiye mgawa viwanja. Jamaa zake wakapata karibu na kisima. Perepetua akatupwa mwisho kabisa, kwenye mawe matupu. Na bado bwana mkubwa hakuridhika. Asubuhi moja alimkuta anateka maji, akamfokea mbele yetu wanawake.

"Wewe unakula nguruwe! Ndoo yako inatutilia najisi kisimani. Usikanyage tena hapa. Ukiona taabu, rudi kwenu."

Mwalimu Hemedi, aliyekuwa akiwasomesha watoto Kurani, alikuwepo. Akamwambia wazi kwamba ndoo safi ni safi, aishike Mwislamu au Mkristo, na dini haikusema alivyosema yeye. Muhidini akamjibu kwamba hayo ni ya chuoni, haya ni ya serikali. Ala! Serikali gani iliyomtuma kumnyima mjane maji? Lakini ulikuwa mwaka wa njaa, na unga wa njano aliugawa yeye. Tukaufyata sote.

"Huyo Mungu wako unayempigia magoti," akaongeza, "mwambie akuchimbie kisima chako."

Perepetua akajitwisha ndoo. "Nitamwambia, Mwenyekiti. Anajua nilipo."

Tangu hapo akawa anateka maji kwenye chemchemi moja huko porini, njia miiba mitupu. Anatoka alfajiri, anarudi jua limeshapanda, shingo imekakamaa. Jumapili anapiga magoti peke yake na rozari yake, maana padre kumwona ilikuwa bahati. Miguu ikaanza kumvimba. Nikajua mwaka haumalizi: ama atafia njiani, ama atapanda chombo arudi bara, amwache Anselmu wake, na yule mwenye baraza ashinde.

Nilimkasirikia kweli. "Huyo Mungu wako kiziwi?" nikamwuliza.

"Hata mimi kuna siku namwuliza," akasema, machozi yanamlenga. "Halafu asubuhi napata nguvu ya kwenda tena. Basi najua kanisikia."

Nikamwona mkaidi tu.

Sasa nguruwe wa porini nao walikuwa na njaa. Wakaingia shamba la ujamaa wakafukua mihogo yote. Muhidini akatangaza msako. Watu wote na madebe, yeye mbele na filimbi mdomoni, utadhani jemadari anakwenda kuuteka mji. Tukapiga madebe, tukapiga mayowe. Dume moja likachomoka kichakani, likakata mbio kuelekea kijijini, Muhidini nyuma yake anapuliza filimbi macho yamemtoka. Na kisima hakina ukingo. Chubwi! Dume limo ndani.

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Wanaume wakakizunguka kisima, wakachungulia, kushuka hashuki mtu. Wamguse nguruwe? Ng'o! Mnyama akafia humo humo. Jua likapanda, kijiji kizima hakina tone, watoto wanalia. Mwenyekiti sauti imemkauka kwa kupuliza filimbi. Mwishowe akasema, macho chini, "Mwiteni yule mama."

Perepetua hakuringa. Ningekuwa mimi, wangenibembeleza mpaka jioni. Alijifunga kanga kiunoni, akashuka kwa kamba, akamfunga yule mnyama miguu, akapanda juu maji yanamchuruzika. "Haya, vuteni," akasema. Wanaume wakatazamana. Mwalimu Hemedi akaishika kamba wa kwanza, akasema udongo na maji vipo, tutajitoharisha. Nikaishika mimi. Ndipo wale mashujaa wa madebe wakaona haya.

Mwalimu akasema kisima kikaushwe ndipo kitumike. Hadi hapo, maji safi ya kunywa yalikuwa mtungini mwa Perepetua tu, aliyoyateka alfajiri ile kwa miguu yake iliyovimba. Watu wakajipanga mlangoni pake. Muhidini akaja mwisho, midomo imempasuka. Perepetua akampa kata kwa mikono miwili.

"Karibu, Mwenyekiti."

Akainywa yote, yeye mwenye kuogopa najisi.

"Nikuongeze?"

Akaongezwa. Hakuna aliyecheka ila mimi.

"Nilimwomba Mungu maji," Perepetua akaninong'oneza, akimwangalia nguruwe wake. "Sikujua atanipa na kitoweo."

Kisima kiliposafishwa na maji kujaa tena, Mwalimu Hemedi akasema ndoo ya Perepetua itangulie. Tukampisha. Muhidini alikuwa palepale. Perepetua akateka, akaitua ndoo, akapiga magoti kwenye tope. Akamshukuru Mungu kwa sauti, akamtaja Anselmu, akatutaja sote. Kisha akamwomba ampe Mwenyekiti Muhidini afya njema na maisha marefu.

Muhidini akageuka akaenda zake, wala barazani hakuketi siku ile. Mimi nilikuwa na dua nyingine juu yake, nikaimeza.