Uji wa Kiti cha Mlangoni

Kwa Bi Mwiko hakuna kuagiza. Unaagiza mara moja tu maishani, siku ya kwanza, na baada ya hapo kazi yako ni kukaa. Mwenyewe hupika akichungulia kwenye kidirisha cha jikoni, kipana kama sinia, na akiona kiti fulani kina mtu, anajua cha kuinjika. Viti ni kumi na vinne. Havina namba, namba ziko kichwani mwake. Mgeni akithubutu kuulizia menyu, wenyeji humcheka mpaka chai iwatoke puani.

Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma alikuwa na kiti chake dirishani, mwaka wa tisa sasa. Kiti hicho kilikuja na mayai mawili ya kukaanga, kiini bado kinatetemeka, mkate wenye siagi pande zote mbili, na chai nzito ya maziwa, sukari vijiko vitatu. Asiyemjua Fundi angesema hayo ni mayai tu. Lakini siku nzima bwana huyu huamrishwa: bana hapa, achia pale, kata shingo, rudisha shingo. Mkewe, mfua mashuka wa hospitali, huondoka alfajiri na kumwachia orodha ya kazi ndefu kuliko futi yake ya kupimia. Hata cherehani humchagulia rangi ya uzi, maana ule wa bluu huukata kwa makusudi. Dakika ishirini za kiti kile ndizo pekee ambazo dunia ilimpa alichotaka bila yeye kufungua mdomo.

Asubuhi hiyo alichelewa. Mama mmoja alimbana mlangoni pa duka na suruali ya shule ya mwanawe, akidai Fundi ameifupisha, na huku aliyerefuka ni mtoto. Alipofika mkahawani, njaa inamchapa mbavu, akakuta kiti chake kimekaliwa.

Aliyekaa ni Mzee Stempu, mstaafu wa posta. Jua lilishatoka, lakini mzee alikuwa amevaa kofia ya sufu iliyomfunika mpaka shingoni.

Miezi minane nyuma daktari alimkuta mzee na kisukari. Mkewe hakupoteza muda. Alikuja na cheti cha kliniki, akakibandika ukutani jikoni kwa Bi Mwiko, na tangu siku hiyo kiti cha mzee, kile cha mlangoni, hupikiwa uji usio na sukari na yai moja la kuchemsha, bila chumvi, bila huruma.

"Shikamoo, mzee," Fundi akasema, akimaanisha ondoka.

"Marahaba, mwanangu. Kaa popote."

"Popote wapi? Hicho kiti changu."

"Viti ni vya Bi Mwiko. Wewe una cherehani."

Watu wakacheka. Viti vingine vyote vilikuwa na wenyewe, kikabaki cha mlangoni. Fundi akakikalia kama anakalia kaa la moto. Punde wifi yake Bi Mwiko, ndiye mhudumu, akatoka na sinia. Mayai yakapita mbele ya pua ya Fundi, yakaenda zao dirishani. Yeye akawekewa bakuli la uji.

"Dada, umekosea."

"Mimi sikosei, mimi nabeba."

"Lakini si unaniona? Mimi nani?"

"Wewe Fundi."

"Na yule?"

"Mzee Stempu."

"Sasa?"

"Sasa nikirudisha sahani jikoni, atakayetukanwa ni mimi, si nyinyi." Akaondoka.

Mzee alikuwa ameshachovya mkate kwenye kiini, macho ameyafumba.

"Mzee, utakufa," Fundi akamtupia.

"Nitakufa nimeshiba. Miezi minane! Jana nimeota kijiko cha sukari kinaniita kwa jina."

"Nitakusemea."

"Sema."

Fundi akaonja uji. Ulikuwa na ladha ya maji yaliyowahi kusikia habari za unga. Akanyanyuka, akaenda kwenye kidirisha, akaingiza kichwa.

"Bi Mwiko, naomba mayai yangu."

"Wewe nani?"

"Mimi Fundi!"

"Fundi yuko dirishani, anakula."

"Miaka tisa nakula hapa, mama!"

"Sura hii siijui." Wala hakuwa anatania. Kidirisha kilitazama migongo ya watu. "Hebu geuka."

Fundi akageuka. Mkahawa mzima ukamtazama akiwa amesimama wima kama mtoto anayepimwa urefu.

"Aaa! Fundi! Si hilo kovu la kisogoni! Mbona husemi?"

Kumbe miaka yote tisa alikuwa kisogo. Kisogo chenye mayai mawili.

"Sasa pale dirishani kuna nani?" Bi Mwiko akauliza.

Mzee Stempu hakukonyeza wala hakusihi; alinyanyua tu kikombe na kugugumia kwa haraka, kama mtu aliyesikia hodi ya polisi. Fundi angeweza kusema ni mgeni, anapita tu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kisha tumbo likanguruma, na shingo zote alizowahi kukata na kurudisha zikampanda kichwani kwa pamoja.

"Ni Mzee Stempu," akasema.

Bi Mwiko akatoka jikoni. Hakupiga kelele. Aliichukua sahani ya mzee na kikombe chake, akavishika hivyo hivyo mpaka wale wawili wakabadilishana viti bila kutazamana, kisha akavirudisha pale pale dirishani. "Hapa chakula hakitupwi," akasema. "Na wewe mzee, maliza uji."

Kiti kilikuwa na joto la makalio ya mwingine. Yai lililobaki lilishapoa, kiini kimeganda kama gundi, na chai ilikuwa robo kikombe, yenye makombo ya mkate. Fundi akala. Baada ya kusimamishwa mbele ya watu akaguliwe kisogo, angeachaje? Nyuma yake kijiko kiligonga bakuli polepole, kikatulia, kikagonga tena.

"Umeridhika?" mzee akauliza kutoka mlangoni.

"Sijaridhika," Fundi akajibu, mdomo umejaa. "Ila nyamaza, nile."